Meli Haiendi Kalundu

Tabora, tarehe 2 Aprili 1964

Kwako mdogo wangu Georgette,

Pokea salamu zetu toka huku mbali. Mimi ni mzima, Baba ni mzima, na gari nalo linajitahidi. Nisalimie shemeji Étienne na watoto. Umwambie Spès kwamba babu yake amemwekea kitambaa cha maua mekundu, na kila jioni anakikunjua kukitazama halafu anakikunja tena.

Watu wa hapa wanalishangaa gari letu. Tangu yule Mbelgiji wa kupima ardhi niliyekuwa dereva wake aniachie funguo mwaka wa uhuru na kuvuka mpaka na sanduku moja, nilikuwa nalipakia mihogo ya Luvungi tu, hata nikasahau kwamba lilitengenezwa kwa ajili ya kulala. Sasa Baba analala kwenye kitanda cha nyuma, pazia limefungwa, kama waziri. Mimi nalala kwenye viti vya mbele, magoti karibu na mdomo. Asubuhi tunapika chai kwenye lile jiko dogo la pembeni na akina mama wanakuja kuchungulia.

Sasa lile lililotuleta. Kaburi la Baba mukubwa Kashindi hatukulipata. Baba alikuwa anakumbuka mkondo wa maji na mawe matatu makubwa, pale alipomzika mwaka ule Wabelgiji walipowabebesha mizigo ya vita kuja kuupiga mji huu wa Wajerumani. Mkondo tumeupata, umekauka. Mawe hayako. Pamejengwa ghala, na mlinzi wa pale ni kijana, hajui kitu. Katekista mmoja mzee alituonyesha uwanja ambapo, kwa kusikia kwake, walizikwa watu wengi wa Kongo. Lakini hapakuwa pahali penyewe. Baba alikaa chini kwenye majani jua lote la mchana. Nilimletea maji, hakuyanywa. Mwishoni akasema, "Turudi. Miye nimechoka na inchi ya wengine."

Kwa hiyo tunageuza. Tutashika njia ya Kigoma polepole, maana mvua imeharibu barabara, halafu tupande meli mpaka bandari yetu ya Kalundu, gari na sisi wote. Mutupikie ndagala, vile visamaki vya ziwa letu.

Kaka yako,
Norbert


Uvira, Songo, tarehe 29 Aprili 1964

Yaya Norbert,

Kaka yangu, barua yako imefika kwa mkono wa padri aliyetoka Bujumbura. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yenu. Huku watoto hawajambo. Eugène ameota meno mawili ya mbele, anauma kila kitu. Étienne anakusalimia sana, anaenda ofisini kwake kwenye serikali ya teritwari kila asubuhi kama kawaida, amevaa tai.

Pole kwa Baba mukubwa. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kwamba Baba hakuwahi kurudi mzima toka vita ile. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani anazungumzia mguu wake.

Yaya, habari za hapa si nzuri. Barabara ya Luvungi imefungwa. Wanaume wengi wamepanda milimani, na wanaoshuka wanasema mambo ambayo siwezi kuyaandika. Sokoni watu wananunua chumvi nyingi kuliko wanayohitaji. Jirani yangu Célestine amezika vyombo vyake nyuma ya nyumba. Nimemwambia Étienne aache ile tai. Amejibu kwamba karani wa serikali akivua tai watu watajua serikali imekwisha.

Kama mnarudi, rudini sasa hivi. Msisimame njiani kutengeneza hiki na kile. Kama gari linawachelewesha, liacheni Kigoma, mje ninyi.

Watoto wanamwita babu yao.

Georgette


Kigoma, tarehe 25 Mei 1964

Kwako Georgette, mdogo wangu,

Nakusalimu pamoja na nyumba yako yote. Sisi hatujambo. Baba anasalimia.

Barua yako niliikuta hapa misheni ikinisubiri. Tulichelewa. Daraja moja lilichukuliwa na maji, tukangoja wengine watengeneze, halafu Baba akawa na uchovu, tukapumzika kwenye kijiji kimoja mpaka akapata nguvu. Tumefika Kigoma wiki iliyopita. Nilienda moja kwa moja bandarini. Yule karani wa tiketi hakuinua hata macho. Alisema, "Meli haiendi Kalundu."

Nikauliza itaenda lini. Akasema hata mwenye meli hajui. Ndipo watu waliokuwa wamekaa nje wakanieleza kwamba Uvira imechukuliwa na wale walioshuka milimani, kwamba bendera iliyoko pale sasa ni nyingine. Wengine wao walitoka mji wa Baraka kwa mitumbwi na hawakubeba kitu isipokuwa watoto.

Georgette, uniandikie hata mstari mmoja. Nimeegesha gari juu ya bandari, pahali ambapo Baba akikaa mlangoni anaona ziwa. Ukungu ukiondoka anasema anaiona milima ya kwetu. Haiwezekani kuiona toka hapa, ile ng'ambo ni milima mingine. Namwacha aseme.

Étienne yuko wapi katika mambo haya? Mwambie shemeji yangu aache ofisi, akae nyumbani.

Norbert


Uvira, tarehe 8 Julai 1964

Yaya,

Natumaini hii itakufika. Nimempa mvuvi anayevuka kwenda Rumonge, upande wa Burundi, na yeye atampa mtu mwingine.

Tuko wazima. Watoto wazima. Spès haendi shule kwa sababu shule imefungwa, basi ananisaidia kukausha mihogo. Kiangazi ni kikali, upepo wa ziwa unaleta vumbi hadi ndani ya sufuria. Célestine anakusalimia. Mbuzi wako mmoja ameliwa na wenye njaa, sikuweza kukataa.

Wageni tulionao ni vijana. Wengine nawajua, wazazi wao wanauza samaki pamoja nasi. Wanapita barabarani wamefunga majani kichwani na wanasema kwamba risasi zitageuka maji. Siwacheki. Wanaomba chakula, tunatoa chakula.

Usije. Nakuomba kwa ajili ya Mama yetu. Dereva hapa hana siku mbili, wanamchukua na gari lake. Na lile gari lenu linaonekana toka mbali, kila mtu wa Uvira analijua. Kaeni huko huko na Baba, hata kama ni mwaka mzima.

Unaniambia Baba anasalimia, lakini huniambii anakula nini, wala anatembea namna gani. Toka lini Baba akawa mtu wa kusalimia tu?

Georgette


Kigoma, tarehe 30 Agosti 1964

Mdogo wangu,

Salamu toka kwetu. Barua yako ilizunguka sana, ilifika imelowa na kukauka, lakini nimeisoma yote. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta jina la Étienne. Haliko. Umeandika habari za mbuzi, ukaandika za Célestine, ukaandika hata za upepo.

Nami nikujibu ulichouliza, maana si vizuri tufichane wote wawili. Kile kijiji nilichosema tulipumzika, Baba alianguka. Aliamka asubuhi, mkono wa kuume umekufa, na mdomo umeenda upande. Sasa anasema, lakini polepole, na maneno mengine yanampotea. Anatembea nikimshika. Anakula uji, na ndagala nikimsagia. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utataka kuja, na wewe huna njia.

Kambi yetu hapa bandarini imekuwa kijiji cha Wakongomani. Juzi mama mmoja wa kutoka Fizi alishikwa na uchungu kwenye mvua ya ghafla, na pahali pakavu pa karibu palikuwa gari letu. Nilimbeba Baba nje, tukakaa naye chini ya turubai, wanawake wakaingia. Mtoto alizaliwa kwenye kitanda cha yule Mbelgiji. Ni mvulana. Baba aliulizwa atoe jina. Alifikiri sana halafu akatoa jina la Kashindi. Yule mama hakujua ni nani, akakubali.

Tangu siku ile Baba ananiuliza kila asubuhi kama meli inaenda Kalundu. Kila asubuhi nashuka kuuliza, napanda kumwambia haiendi. Nimechoka, Georgette. Sijui kusema vizuri zaidi ya hivyo. Natamani nikae kwenye kiti changu mwenyewe.

Niambie habari ya shemeji.

Norbert


Bujumbura, Buyenzi, tarehe 6 Novemba 1964

Yaya Norbert,

Salamu. Mimi na Spès na Eugène tuko Bujumbura. Tulivuka mwezi uliopita, wiki ile jeshi la serikali lilipoingia Uvira. Tumepata chumba kwa mwanamke mmoja wa Buyenzi, mtu wa dini ya Kiislamu, ametupokea vizuri. Masista wamekubali kumchukua Spès shuleni.

Étienne hatuko naye.

Utasikia kwamba Uvira imekuwa salama na kwamba meli itaanza tena. Usiende. Leta Baba huku Bujumbura, meli ya huku haijawahi kusimama. Nitakuja bandarini kila inapofika.

Nisamehe kwa barua fupi. Mkono hautaki.

Georgette


Uvira, Songo, tarehe 20 Desemba 1964

Kwako Georgette,

Nakusalimu kabla ya Noeli. Barua yako ya Novemba nimeipata leo tu, imeletwa toka Kigoma. Ilipofika kule sisi tulikuwa tumekwisha kuondoka. Basi umengoja bandarini na sisi hatukuja. Nisamehe.

Nakueleza namna tulivyorudi. Karani alisema asubuhi moja, bila kuinua macho, kwamba meli inaenda Kalundu. Nilidhani nimesikia vibaya. Walilifunga gari kwa kamba nene, winchi ikaliinua juu ya maji, Baba amekaa pembeni ananing'ang'ania mkono kana kwamba ni yeye anayening'inia. Waliliweka sitahani katikati ya magunia ya chumvi na watu. Watu walikuwa wengi, kila mmoja anarudi, na hakuna aliyekuwa anaimba. Kila mtu alitazama mbele.

Baba alisafiri ndani, kwenye kitanda chake. Kulipopambazuka nilifungua milango ya nyuma, nikamweka mito mgongoni, akaona milima yetu kweli kweli, ile ya juu ya Uvira, na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Aliitazama mpaka ikawa karibu. Machozi yalimtoka jicho la upande mmoja tu, lile lingine limekauka. Nikamuuliza kama anataka chai. Akasema, "Acha kwanza nione."

Kalundu masoda wa jeshi la serikali walikuwa wanangoja. Walitupanga mstari, wakapekua magunia. Mkubwa wao alilizunguka gari, akafungua droo za vyombo, akajaribu kitanda kwa mkono. Akasema kwamba kuanzia leo gari ni la jeshi. Nilianza kumweleza kwamba nina mzee mgonjwa. Aliuliza tu, funguo ziko wapi. Baba alikuwa amesikia. Alishusha mguu mmoja, halafu wa pili, akasimama mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akafunga mlango polepole. Aliniambia, "Uwape. Tumefika." Hivyo ndivyo safari yetu ya gari ilivyokwisha. Niliomba kigari cha mtu wa mihogo, tukamlaza Baba juu yake na ile mizigo michache, tukasukuma mpaka Songo.

Nyumba yako ilikuwa wazi. Mlango uliondolewa. Célestine alitoka, akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba mmevuka kwenda Bujumbura, halafu akamshika Baba mkono. Baba akaniuliza, "Georgette iko wapi?" Nikasema umeenda Bujumbura. Akauliza na Étienne je. Célestine ndiye aliyenijibu, nje, tulipokwisha kumlaza mzee. Sasa najua. Sikuulizi tena.

Nimeweka mlango wa mabati. Tunalala kwako kwa sababu paa la kwangu limebebwa. Baba anakuita kila siku. Nikimwambia uko ng'ambo, anatazama ng'ambo.

Norbert


Bujumbura, tarehe 31 Januari 1965

Yaya wangu,

Salamu kwako na kwa Baba. Watoto wazima. Spès ni wa pili darasani. Nashona nguo za watu, macho yanauma lakini tunakula.

Célestine amekuambia, lakini mimi nataka uzisikie habari zake toka kwangu. Siku waasi walipoingia walimchukua Étienne kwa sababu ya ile kazi yake. Nilijua nimekuwa mjane. Kesho yake akarudi na miguu yake. Walikuwa wamegundua kwamba kati yao wachache sana wanaweza kuandika, wakamwambia achague, aandike au afe. Aliandika karatasi za kupita, kwa miezi yote ile. Watu wengi walivuka ziwa kwa mwandiko wake, na wao wanajua. Mimi sikuweza kukutajia. Barua zilikuwa zinafunguliwa, na kama ningesema anawafanyia kazi, na barua ishikwe na upande wa pili, ingekuwa kumuua kwa mkono wangu. Kama ningesema wamemchukua, ungekuja na lile gari.

Mwezi wa kumi, jeshi lilipoingia, alivaa tai yake tena. Aliniambia, "Sasa serikali imerudi, nitaenda kujieleza." Nilimshika shati. Spès naye alimshika. Alituambia tusimwaibishe mbele ya majirani. Alienda uwanja wa mpira pamoja na wanaume wengine walioitwa. Tulisikia risasi toka nyumbani. Sikuruhusiwa kufika pale, wala siku ya pili. Siku ya tatu nilichukua watoto, nikaenda ufukweni.

Wote wawili walimchukua, Yaya. Wale walimrudisha. Hawa, ambao alikuwa mtu wao, hawakumrudisha.

Basi unielewe. Pale mlangoni ulipoweka mabati ndipo nilipomshika shati. Mlete Baba huku. Kuna daktari, na mimi nitamwangalia. Mimi siwezi kulala katika nyumba ile.

Georgette


Uvira, tarehe 7 Machi 1965

Mdogo wangu,

Salamu. Nilimsomea Baba barua yako yote, nikaisoma tena. Nilimwambia tutamvusha kwenda Bujumbura, njia ya barabara imefunguliwa, si mbali. Amekataa. Anasema hapandi tena chombo chochote. Nilimwomba, nikamkasirikia pia, akageukia ukuta. Jana ameniambia nichukue kalamu. Naandika alivyosema, maneno yake ni machache kwa sababu yanamtoka kwa shida.

"Georgette. Ni miye Sylvestre, baba yako. Nimesikia habari ya Étienne. Alikuwa mutoto wangu.

"Niliporudi toka Tabora, nilirudi na miguu. Mama yangu aliambiwa wabebaji wanakuja. Alikuja kukaa njiani, kule juu ya Lemera, na chakula cha watu wawili. Nilimuona toka mbali. Yeye hakuniona bado. Nilikaa chini kwenye majani, siku nzima, nikimuangalia anangoja. Sikutaka kufika. Njaa iliniuma, chakula nilikiona, na sikutaka kufika.

"Kwa hiyo miye najua. Siwezi kukulazimisha. Kaa huko mpaka miguu yako yenyewe itake. Kama haitaki, nitakufa vizuri tu, Norbert iko."

Amesema niishie hapo. Halafu akalala, na leo amekula kidogo. Mimi sina la kuongeza. Siwezi kukuambia uje, wala siwezi kukuambia usije. Mvua imeanza, ziwa ni jeusi.

Norbert


Bujumbura, tarehe 28 Machi 1965

Yaya Norbert,

Salamu kwako na kwa Baba.

Nimesoma maneno yake mbele ya watoto. Eugène hakuelewa. Spès alitoka nje, akakaa na mama mwenye nyumba mpaka chakula kikaiva.

Nitakuja Jumamosi baada ya Pasaka, kwa barabara, na Eugène mgongoni. Spès atabaki na masista mpaka mwisho wa masomo. Usije kunipokea mpakani, usimwache Baba peke yake. Mwambie Célestine nitalala kwake siku za kwanza, na mchana nitakaa kwetu na Baba. Halafu tutaona.

Mwambie Baba kwamba miguu yangu haijataka. Nimeingoja, haijataka, na nadhani haitataka. Naja nayo hivyo hivyo.

Siku nitakapofika msiniulize kitu. Mnipe maji ya kunawa, nikae karibu naye.

Georgette